Picha ya Kupimia Mwanga

Jumatatu, 28 Oktoba 2024

Shule imefungwa, na Mwalimu Khalayi ametupa kazi moja tu ya likizo: kuandika shajara mpaka siku ya kurudi. Alisema tuandike kana kwamba hakuna atakayesoma, kwa sababu mtu asiyeweza kusema ukweli akiwa peke yake hatauweza mbele za watu. Kwa hiyo naahidi hapa, siku ya kwanza kabisa, kwamba nitaandika yote, ya kunipendeza na ya kuniaibisha, na sitapasua ukurasa hata mmoja.

Naitwa Lois Wakesho, niko kidato cha tatu. Mama anafanya kazi Voi na amepanga nyumba Kaloleni, lakini likizo mimi hupanda huku juu kwa Nyanya, karibu na Mghange. Nyumba yetu inatazama bonde la Ndolonyi. Sehemu ya juu ya bonde ni msitu. Chini ya msitu ni kinamasi, na ndani ya kinamasi Nyanya na kina mama wenzake hulima nduma, ile mizizi tunayokula na chai. Alilima mama yake hapo, na mama wa mama yake. Vuli haijaanza. Ukungu upo.

Jumanne, 29 Oktoba

Nimepalilia nduma na Nyanya tangu asubuhi. Mgongo unauma.

Alhamisi, 31 Oktoba

Leo tumepata mgeni. Ameletwa na Austin, mtoto wa hapa hapa kijijini ambaye siku hizi anafanya kazi na kampuni fulani ya Nairobi na huvaa viatu vyeupe hata kwenye matope.

"Nyanya, huyu anaitwa Calvince Opiyo," Austin alisema. "Ni mpiga picha. Si wa harusi. Wa mandhari. Anapiga misitu na vinamasi."

Mama Abby, jirani yetu, alikuwa amekuja kuomba chumvi. "Na huo msitu," akauliza, "huambiwa utabasamu?"

Mgeni alicheka kuliko sisi sote. Nyanya alimuuliza kwao ni wapi, naye akasema baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli na yeye mwenyewe alizaliwa Voi, Kaloleni. "Basi wewe si mgeni," Nyanya akasema. "Wewe ni mtoto wa reli." Amepewa chumba cha Mama.

Jumamosi, 2 Novemba

Nimekuwa nikimbebea Anko Calvince stendi ya kamera, ile ya miguu mitatu. Tulifika kinamasini kabla ya jua na hatukufanya lolote ila kungoja. Nilidhani kazi ya mpiga picha ni kupiga. Kumbe kubwa zaidi ni kungoja. Alingoja ukungu ushuke kutoka msituni mpaka ukaguse maji, na hata uliposhuka hakupiga, akasema umeshuka kwa haraka.

Alinionyesha pia kwamba kamera ikifumbua jicho lake kwa muda mrefu, kinachosogea hakishikiki. Maji ya kijito yanakuwa kama maziwa. Ndege akipita haonekani. Alinituma nitembee mbele ya kamera huku na huku, kisha akaniita nitazame. Nilitazama. Miti ilikuwepo, mawe yalikuwepo, mimi sikuwepo. Nilicheka sana.

Nadhani nimejua ninachotaka kuwa nikimaliza shule. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 5 Novemba

Leo nina mengi.

Tulikwenda kinamasini kukiwa na ukungu mzuri. Nyanya alikuwa ametutangulia. Alikuwa amevaa gambuti zake zilizopasuka na koti la marehemu Babu, ameinama, mkono mmoja umezama majini hadi kwenye kiwiko akitafuta mizizi. Nyuma yake palikuwa na ule mstari wa masale, mimea yetu ya mpaka, unaotenga shamba lake na la Mama Abby. Anko alisimamisha kamera akapiga mara moja.

"Hii ni ya kupimia mwanga tu," akaniambia. Akanionyesha kwenye kioo cha kamera. Nilimwona Nyanya mdogo, mweusi, katikati ya majani makubwa, na pumzi yake ikitoka kama moshi kwa baridi.

Nyanya alisikia mlio wa kamera, akanyanyuka. "Wewe mtoto wa reli! Unanipiga nimekuinamia hivi?"

"Mwache akupige kwa nyuma," Mama Abby akasema kutoka shamba lake. "Kwa mbele meno yameisha."

"Shosho, ni ya majaribio tu."

"Hakuna cha majaribio. Picha hukaa kuliko mwenyewe. Siku yangu ikifika, hawa watoto wataitafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza, waipate hii? Watu waje kunizika waone mwanamke wa matope?"

Hapo ndipo lazima nieleze jambo la kwetu ambalo Anko hakulijua. Huku, mwanamke hapigwi picha na nguo za shamba. Ukiingia nyumba yoyote utaona ukutani picha za watu waliosimama wima, wamevaa sare ya kina mama wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani. Hakuna hata mmoja aliyeshika jembe, ingawa wote wameshika jembe maisha yao yote.

Kwa hiyo wote walitoka kinamasini. Mama Abby alitoka, na wale wa upande wa pili wakatoka, wakicheka na kusukumana. Na kwa sababu ni mgeni wetu, na mgeni huonyeshwa nyumba iliyofagiliwa, walisafisha. Walibeba majembe. Walibeba magunia, na makopo tunayoyatundika kufukuza ngedere. Mimi niling'oa sanamu la kutishia ndege lenye shati la Babu nikalificha kichakani, na nilifanya hivyo kwa furaha.

"Na ile ya kwanza?" Nyanya aliuliza.

"Nitaifuta, shosho. Usijali."

"Jumapili utatupiga vizuri."

Baada ya hapo Anko alipiga kinamasi kitupu mpaka jua likawa kali. Majani ya nduma, maji, masale, na msitu ukining'inia juu ndani ya ukungu. Nakiri kwamba sijawahi kuona mahali petu pakipendeza namna ile.

Jumapili, 10 Novemba

Amewapiga kina mama wote mbele ya kanisa. Nyanya alitabasamu mdomo umefungwa. Mama Abby alivua miwani, akavaa, akavua.

Jumatatu, 11 Novemba

Anko Calvince ameondoka. Amenipa nambari yake. Amesema ana kamera ya zamani asiyoitumia na atanitumia kabla ya Krismasi, na picha za Nyanya pia. Alisema, "Una jicho, Lois." Naandika maneno hayo hapa ili nisije nikayabadilisha.

Alhamisi, 14 Novemba

Mvua.

Ijumaa, 15 Novemba

Mvua. Nyanya anasema nduma zitakuwa nzuri kwa Krismasi.

Jumamosi, 30 Novemba

Binamu yangu Lynn amekuja kutoka Voi na simu yake. Huku mtandao hupatikana ukisimama kwenye jiwe nyuma ya choo, kwa hiyo tulisimama hapo na mwavuli mmoja.

Lynn aliutafuta ukurasa wa Anko, na Ndolonyi ikatokea! Niliruka nusura nianguke. Picha saba au nane, watu maelfu wamezipenda. Lynn akasoma maneno yaliyo chini yake: "Ndolonyi. Pori ambalo mguu wa binadamu haujafika."

"Manze," Lynn akasema. "Mguu wa binadamu? Na gambuti za shosho ni za nani, za fisi?"

Nilimwambia hiyo ni chuku, ni tamathali ya usemi, na msanii ana ruhusa. Nilimweleza kwa utulivu kama Mwalimu Khalayi anavyoeleza. Lynn aliendelea kusogeza picha kwa kidole.

Picha za kanisani hazipo.

Ijumaa, 6 Desemba

Lori limekwama kwenye matope chini ya kanisa. Limebeba nguzo na nyaya. Hakuna anayejua ni za nani.

Jumanne, 10 Desemba

Sasa tunajua.

Palikuwa na baraza kwenye uwanja wa soko, mvua ikinyesha. Walikuja watu wa kampuni inayoitwa Kambi ya Mawingu, na Austin akiwa nao, na afisa wa ardhi. Kampuni inataka kukodi bonde la Ndolonyi kutoka juu ya msitu hadi mwisho wa kinamasi, walihifadhi, wajenge vyumba vya wageni na njia ya mbao juu ya maji. Ardhi ile haina hati ya mtu. Ni ya jamii. Wanasema haina matumizi.

Walitundika turubai kubwa kati ya nguzo mbili. Lilikuwa na picha. Niliijua kabla halijakunjuliwa lote. Ni ile ya tarehe tano Novemba, baada ya kina mama kutoka. Kwenye kona ya chini, kichakani, niliona kitu cheupe kidogo, nikajua ni shati la Babu. Mimi tu nilijua.

Nyanya alisimama. Alisema hapo analima yeye.

Austin alijibu kwa adabu, na adabu yake ndiyo iliyonikera. "Nyanya, hakuna anayekuonea. Lakini tazama mwenyewe. Unaona shamba hapo?"

"Zile ni nduma zangu."

"Nduma huota penye maji, Nyanya, hata bila mtu."

Nilinyoosha mkono. Nilisema mtu atazame masale. Nilisema masale hayajipandi kwa mstari, kila anayetoka milima hii anajua kwamba masale ni mpaka, na kwamba mpaka una watu pande zote mbili. Wazee waliguna kunikubali. Afisa alitazama turubai kwa muda. Nilidhani tumeshinda.

Austin akacheka kidogo. "Lois, masale hata kwa hoteli za Voi yamejaa. Ni maua."

Na Austin kwao kuna masale! Baba yake na mjomba wake waliwahi kupelekana kwa wazee kwa sababu ya sale moja lililong'olewa.

Afisa hakuwa mtu mbaya. Aliuliza kama tuna picha yoyote inayoonyesha mtu akilima pale kabla ya nguzo kuja, kwa sababu kampuni imeleta picha na sisi tumeleta maneno. Mama Abby alikimbia nyumbani akarudi na picha yake ya ukutani ndani ya mfuko wa plastiki. Ni yeye kanisani, mwaka wa ubatizo wa Abby.

"Hii ni kanisa, mama," afisa akasema.

"Lakini ni mimi."

Watu walicheka. Hata mimi nusura nicheke, na sitaki kusahau hilo.

Pingamizi zitapokelewa mpaka Ijumaa ya tarehe kumi Januari. Nguzo, wanasema, zitawekwa kwa muda, kulinda mazingira.

Alhamisi, 12 Desemba

Sikukuu ya Jamhuri. Mama Abby amenipita njiani na mzigo wa kuni. "Habari ya mpiga picha wetu?" akasema. "Leo unatutoa wapi?"

Niliharakisha kupita. Nilikuwa nikimpenda kwa utani wake.

Jumapili, 15 Desemba

Nimemwandikia Anko Calvince kwa simu ya Lynn. Nilimweleza yote kwa heshima. Nilianza na "Shikamoo" na nikamaliza na "wako mtiifu". Lynn alisema hakuna mtu huandika hivyo. Jibu lilikuja jioni:

"Pole sana Lois. Hizo picha nilizipiga kwa kazi ya kampuni, na sasa ni mali yao. Mimi hupiga kilicho mbele ya kamera tu. Mambo ya ardhi siyajui. Salimia shosho."

Nimelisoma mara nyingi. Kilichokuwa mbele ya kamera ni Nyanya.

Kwa kazi ya kampuni. Kwa hiyo alipokuwa akila ugali wetu na kulala kwenye kitanda cha Mama alikuwa kazini, na alijua yuko kazini, ila hakutuambia. Au labda hata yeye hakuambiwa kampuni inataka nini. Nageuza jambo hili kila upande. Nikimwona mwongo, nakumbuka asubuhi ile alivyongoja ukungu kwa subira, na siamini kwamba mtu mwongo anaweza kungoja hivyo. Kisha nakumbuka alivyonituma nitembee mbele ya kamera mpaka nikapotea, na jinsi nilivyocheka.

Ijumaa, 20 Desemba

Waya umezungushwa. Mvua haikatiki.

Jumanne, 24 Desemba

Nyanya alitoka asubuhi na kiondo kwenda kuchimba nduma za Krismasi. Nilimfuata. Kwenye waya kuna lango sasa, na langoni kuna askari, mtu mzima anayeitwa Mutunga, aliyeletwa kutoka mbali. Alikuwa amejifunika gunia la plastiki kwa mvua.

"Mama, hapa ni hifadhi," akasema.

"Najua. Mimi ndiye niliyeihifadhi."

"Nikikufungulia, kesho nami nitafukuzwa."

"Basi nichimbie wewe. Tatu tu. Zile za karibu na sale la pili."

Mutunga alitazama nyuma, akatazama majani yale yote makubwa, na nikaona kwamba hajui nduma huchimbwaje. Alisikitika kweli. "Mama, nenda nyumbani, mvua itakuua."

Nyanya hakulia wala hakumtukana. Aliniambia, "Tazama, zimeanza kupasuka. Zimekomaa kupita kiasi." Tukarudi, na kiondo kikiwa kitupu alikibeba mgongoni vilevile, kamba kichwani, kama kina uzito.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Tumekunywa chai na mkate. Mama amekuja kutoka Voi. Hakuna aliyetaja nduma.

Jumamosi, 28 Desemba

Nyanya aliniamsha amevaa gambuti na koti la Babu. Mikono ilikuwa na matope tayari, sijui aliyatoa wapi.

"Mwambie Lynn alete simu," akasema. "Sasa nipigeni."

Tulishuka mpaka kwenye waya. Alisimama upande wetu, jembe begani, kinamasi nyuma yake. Lynn alipiga nyingi. Nami niliona mara moja kwamba hazitatusaidia. Ukizitazama unaona bibi mwenye matope aliye nje ya hifadhi. Waya umepita nyuma yake, usawa wa kifua.

"Zimetoka?" Nyanya aliuliza.

"Zimetoka vizuri, Nyanya."

"Moja yao mtaiweka mbele ya jeneza langu. Nimeruhusu."

Nilimwomba msamaha hapo hapo, kwa ajili ya sanamu la ndege na kwa ajili ya furaha yangu siku ile. Alinisafisha uso kwa kiganja akaniacha na matope shavuni. "Nilitoka kwa miguu yangu mwenyewe, Wakesho," akasema. "Mgeni alitaka papendeze. Nikaona ni mimi nisiyependeza."



Jumatano, 1 Januari 2025

Mwaka mpya. Mvua.

Ijumaa, 3 Januari

Jana nilikuwa nikimenya ndizi nikakumbuka. Nyanya aliuliza, "Na ile ya kwanza?" Anko akasema ataifuta, na kidole chake kikabonyeza kitu kwenye kamera. Lakini mimi wakati huo nilikuwa nikimtazama Nyanya. Sikuona alichobonyeza.

Ile picha ina Nyanya akichimba. Ina masale nyuma yake. Na Anko mwenyewe alinifundisha kwamba kamera huandika tarehe ndani ya kila picha, hata ile mbaya.

Nilimwendea Mama Abby, kwa sababu alikuwepo. Nilidhani atanitania. Aliacha kupepeta maharagwe. "Alibonyeza," akasema, "lakini mtu akifuta kitu hukitazama kwanza. Yeye alikuwa akimtazama nyanya yako, anacheka." Kisha akaongeza, "Niandikie na jina langu. Mwambie hata mimi naonekana kule pembeni. Nimejipinda, lakini naonekana."

Nilimwandikia jana na leo. Alama zimegeuka bluu. Amesoma. Hajajibu.

Jumapili, 5 Januari 2025

Kesho tunafungua. Sanduku limefungwa. Simu haziruhusiwi shuleni, na Lynn anashuka nami asubuhi, kwa hiyo hii ndiyo mara ya mwisho kusimama kwenye jiwe nyuma ya choo. Niliahidi kuandika yote, basi nanakili hapa ujumbe wangu wa leo, neno kwa neno. Safari hii sikuweka "wako mtiifu".

"Anko Calvince. Ni Lois wa Ndolonyi. Siombi zile picha ambazo ni mali ya kampuni. Siombi tena ile kamera, mpe mtu mwingine. Siulizi kama ulijua, utajiuliza mwenyewe. Naomba kitu kimoja ambacho kampuni haikukuagiza wala haikukulipia. Asubuhi ya tarehe tano Novemba, kabla kina mama hawajatoka kinamasini, ulimpiga Nyanya akiwa ameinama, mkono ukiwa majini. Ulisema ni ya kupimia mwanga. Ijumaa hii pingamizi zinafungwa, na kesho asubuhi sitakuwa na simu. Nyanya ameruhusu, matope na yote. Tafadhali usinijibu kwa pole. Nijibu leo, nimesimama hapa kwenye mvua nangoja, jinsi ulivyonifundisha kungoja: ile picha uliifuta, au bado unayo?"